Kopo la Barabara ya Bengamisa

Kaka yangu mkubwa alikuwa mpimaji wa ardhi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alizunguka Kisangani na vijiji vyake akiwa na chombo cha kupimia begani, akipanda mawe ya mipaka, na hakuna mtaa tuliopita pamoja ambao hakuniambia, "Hapa, mi njo nilipima." Kisha akaambiwa umri wake umefika, apumzike. Alirudi nyumbani kwake Mangobo, akaweka kiti cha plastiki mbele ya mlango, akakaa.

Alikaa hivyo karibu mwaka mzima. Mke wake, mtu wa Yanonge, aliuza samaki wa kukaushwa sokoni tangu asubuhi. Akitoka anamwacha kwenye kiti, akirudi anamkuta kwenye kiti. Mimi hufundisha informatiki katika shule ya sekondari, na kila Jumamosi nilikwenda kula kwao. Nilimwita yaya, yaani mkubwa wangu, naye aliniita leki, mdogo wake, maana kati yetu kulikuwa na miaka kumi na minne na yeye ndiye aliyenilea baba alipokufa. Jumamosi moja mke wake alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Semeki," aliniambia, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, "kaka yako anakufa akiwa muzima. Hasemi. Hakasiriki hata. Utafute kitu ya kumupatia, weye uko na akili ya mashini."

Mashine zangu za shule ni kompyuta kuukuu tulizopewa na watu waliokuwa wanazitupa. Zote zinatumia Linux, kwa sababu ni ya bure, haisumbuliwi na virusi, na haidai mashine yenye nguvu. Kwa miaka mingi nimezoea kutafuta mambo kwenye kurasa za watu wanaoitumia, na ni katika ukurasa mmoja wa namna hiyo, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilipokuta habari za mchezo huu. Mtu anaficha sanduku dogo lenye daftari ndani yake. Anachapisha nambari za mahali lilipo. Wengine wanalitafuta kwa kifaa cha GPS, wakilipata wanaandika jina lao kwenye daftari, wanalirudisha palepale. Basi. Hakuna zawadi.

Nilitazama ramani ya mchezo huo. Ulaya ilikuwa imejaa alama kama chawa. Kisangani ilikuwa na alama moja tu, karibu na maporomoko ya Tshopo. Msafiri fulani aliliacha sanduku hapo miaka mingi iliyopita, na baada yake watu wawili tu waliandika kwamba wamelipata.

Nilimweleza yaya Jumamosi iliyofuata. Alinisikiliza akitafuna lituma, ndizi za kupondwa, taratibu.

"Donc batu bakubwa banatafuta kopo porini," alisema. "Halafu wakiliona?"

"Wanaandika jina."

"Halafu?"

"Wanarudi nyumbani."

Alicheka. Mke wake, aliyekuwa anaosha sahani, aligeuka kumwangalia, kwa sababu ulikuwa muda mrefu hatujasikia kicheko kile. Kisha yaya akauliza swali la kazi: "Na hizo coordonnées, wanazipima na mashini gani?"

Hapo ndipo nilipojua nimempata.

Simu yangu haikufaa. Chini ya miti mikubwa ilipoteza satelaiti, na betri yake ilikwisha kabla ya saa sita mchana. Tulihitaji kifaa chenyewe, na Kisangani vifaa vya namna hiyo haviuzwi dukani. Lakini mradi mmoja wa kuhesabu miti ulikuwa umefungwa, na mfanyabiashara wa soko kuu, anayeuza simu na redio, alikuwa amenunua mabaki yake. Tulikwenda yaya na mimi, nikiwa na kompyuta yangu ya mkononi ndani ya mfuko wa unga ili isivutie macho.

Alituwekea vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kizuri, skrini kubwa ya rangi, ya kugusa kwa kidole. Cha pili cha njano, kimezeeka, na tundu la mviringo kwa nyuma. Cha tatu kilikuwa kidogo, cheusi, chenye vitufe, na raba yake ilikuwa imebanduka upande mmoja.

"Mukamate iyi," mfanyabiashara alisema, akisukuma kile kikubwa. "Iyi njo ya bwana mukubwa."

Yaya hakukitazama hata skrini. Alikigeuza. "Betri iko ndani?"

"Iko ndani. Unachaji na courant."

"Courant gani?" yaya aliuliza, na watu wa meza ya jirani wakacheka, maana wiki ile umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa unafika kwetu siku moja, unakosekana mbili.

Nilikichomeka kwenye kompyuta yangu hata hivyo. Kilijitambulisha, lakini hakikufungua mlango. Kilidai programu ya watengenezaji wake, ambayo haikubali Linux. Kile cha njano kilihitaji waya wa namna yake, na mfanyabiashara hakuwa nao. Najua njia ya kuzungumza na mashine za zamani kama ile, kwa programu ndogo ya kugeuza mafaili na amri chache, ila bila waya ni kazi bure. Nikachomeka kile cheusi. Baada ya muda mfupi alama ya diski ilijitokeza kwenye skrini yangu, kama vile nimechomeka kijiti cha kumbukumbu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na folda, na ndani ya folda mafaili ya safari za watu wa mradi. Hakuna nywila wala programu iliyohitajika.

"Ni hiki," nilisema.

Yaya alikuwa tayari amefungua mgongo wake. Betri mbili za kawaida, zile za tochi, zinazouzwa hata Bengamisa kando ya barabara. Alitoka nacho nje, akasimama chini ya ukingo wa paa la bati, akangoja kishike satelaiti. Kisha akaingia tena ndani kabisa ya duka, penye giza, akaangalia kama kinazipoteza. Hakikuzipoteza. Alirudi na uso ambao sikuuona tangu aache kazi.

"Iko kidogo," alisema, "lakini haina uongo."

Nilichukua mchana mzima wa siku ya umeme kukiwekea ramani. Kuna ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Nilipakua kipande chetu, nikakigeuza kiwe cha namna ambayo kifaa kinaielewa, nikakidondosha kwenye folda. Makiso, katikati ya mji, ilitokea na barabara zake, Mangobo nayo, mto, reli ya ng'ambo. Kaskazini, baada ya nyumba za mwisho, ilikuwa nyeupe tupu. Yaya alivaa miwani, akafuata barabara ya Bengamisa kwa kidole mpaka kwenye weupe ule.

"Huku nilipima," alisema. "Nilipima yote huku. Iko wapi?"

Nilimwambia hakuna aliyekuwa amepachora bado.

Tulikwenda Tshopo asubuhi ya Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa nimeandika nambari za sanduku kwa mkono, na mshale ukatuelekeza katikati ya mto, kwenye maji yanayochemka chini ya maporomoko. Yaya alichukua kile kifaa, akatazama nilichoandika, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimechanganya: ukurasa ulitoa digrii na dakika zenye desimali, nami niliandika desimali zile kama ni sekunde. "Leki, dakika ni sekunde sitini, si mia," alisema kwa upole, kama alivyonifundisha kusoma saa. Alirekebisha. Mshale ukageuka, ukatupandisha kingo za mto hadi nyuma ya nyumba za familia za wavuvi.

Mwanamke mmoja alikuwa anatandaza nyavu. Alituangalia tunavyozunguka jiwe moja tukiinama.

"Munatafuta nini?" aliuliza.

Yaya alisita. Ni kitu kigumu kusema mbele ya mtu anayefanya kazi. "Kopo, mama. Kopo ya mufuniko, iko na karatasi ndani."

"Ya kijani?" Aliingia ndani, akatoka nalo. Lilikuwa limejaa chumvi. "Batoto waliiokota zamani. Karatasi zilioza. Ni yenu?"

"Apana," yaya alisema haraka. "Si yetu. Ubaki nayo, mama."

Alitupatia samaki wawili. Tuliporudi, nilidhani yaya atakuwa amevunjika moyo, lakini alikuwa anatembea mbele yangu, kwa hatua ndefu za kazini. Alisema, "Bon. Donc Kisangani haiko na hata moja. Tutaweka ya kwetu."

Alichagua mahali yeye. Ilikuwa kwenye barabara ya Bengamisa, mbali na nyumba za mwisho za mji, halafu mwendo wa miguu kuingia kulia, kuvuka kijito, mpaka kwenye jiwe la mpaka alilolipanda mwenyewe akiwa kijana, kazi yake ya kwanza bila mkubwa wake. Miti ilikuwa mirefu pale, kifaa kilichukua muda kutulia. Alikiacha juu ya jiwe karibu saa nzima, akikusanya vipimo ili achukue wastani wake. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lenye mfuniko wa kuzungusha, tukalifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ndani tuliweka daftari na penseli. Nilipeleka nambari kwenye ukurasa wa mchezo, watu wa kujitolea wakakubali, na siku chache baadaye alama yetu ikatokea. Yaya alitaka aione. Aliitazama muda mrefu, nukta moja kwenye weupe.

Halafu tukangoja.

Kila Jumamosi, kabla sijaketi, aliniuliza: "Kuna mutu?"

"Bado, yaya."

Nani angekuja? Watu wanaocheza mchezo huu walikuwa mbali, na habari wanazosikia kuhusu nchi yetu si za kumfanya mtu apande ndege kwa ajili ya kopo la maziwa. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Sikudhani kwamba yeye hakujua. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Mvua zikaja. Kile kiti cha plastiki kilirudi mbele ya mlango. Jumamosi moja aliuliza bila kunitazama, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatakinunua, na mimi nilishindwa.

"Kuna mtu," nilisema. "Ameandika. Anatoka mbali, atapita Kisangani, anataka kulitafuta."

Aliinua kichwa. "Lini?"

"Hakusema siku."

"Ni mwanaume?"

"Mwanaume," nilisema. "Mtu mzima. Alikuwa mpimaji, naye pia."

Sijui kwa nini niliongeza hilo. Lilitoka lenyewe, na kadiri uso wake ulivyofunguka ndivyo nilivyozidi. Nilisema mgeni amesifu maelezo yetu. Nilisema ameuliza kama njia ni ngumu wakati wa mvua. Yaya aliniagiza nimjibu kwamba njia ni nzuri, na nikamwambia nimemjibu. Kabla sijaondoka aliniomba nimwachie kile kifaa. Nilimwachia. Wiki zilizofuata hakuuliza tena swali lake, na kiti kilikuwa kitupu mara nyingi nilipofika. Mke wake alikuwa kimya kuliko kawaida, lakini nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na nilijiambia mambo yamekuwa mazuri.

Alianguka uani asubuhi, akiwa na viatu vyake vya porini miguuni. Tulimfikisha hospitali, akaishi siku mbili. Daktari alituambia figo zilikuwa zimekufa zamani, na kwamba alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Mimi na mke wake tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyejua.

Baada ya mazishi mke wake alinirudishia kifaa ndani ya kitambaa. "Kamata mashini yako," alisema tu. Sikukishika kwa majuma kadhaa. Kisha alasiri moja, wanafunzi wakiwa wamekwenda, nilikichomeka kwenye kompyuta ya shule ili nifute yaliyomo, nikitaka kukiuza. Diski ikajitokeza kama siku ile sokoni. Nikafungua folda ya safari.

Za watu wa mradi nilikuwa nimezifuta zamani; hizi zilikuwa kumi na moja, zote za yaya. Nilizifungua zote juu ya ramani kwa pamoja, na mistari ikalaliana mpaka ikawa kama kamba moja nene, kutoka Mangobo mpaka kwenye jiwe. Alikuwa anakwenda karibu kila wiki. Nilifungua moja moja. Kila faili ni orodha ndefu tu ya nukta, kila nukta na mahali pake na saa yake, na mtu akiisoma anaona mwendo wa aliyekuwa ameishika mashine. Safari ya kwanza nukta zimeachana vizuri. Ule ulikuwa mwendo wake wa kazini. Ya nne, kuna mahali zimerundikana kando ya barabara: amekaa. Ya saba, amekaa mara tatu. Ya tisa, kutoka barabarani mpaka kwenye kijito, sehemu ambayo siku ya kwanza mimi na yeye tulipita tukizungumza bila kusimama, ilimchukua saa moja na zaidi. Katika ya mwisho, nukta zilisimama kando ya barabara ya Bengamisa muda mrefu sana, nikadhani faili limeharibika. Halafu zikaendelea. Alifika kwenye jiwe. Na akarudi.

Nilikuwa peke yangu kwenye chumba kile cha kompyuta. Niliizima mashine bila kuifunga vizuri, jambo ninalowakataza wanafunzi.

Kesho yake nilipanda toleka mpaka nyumba za mwisho, mwendesha baiskeli akanishusha, nikaendelea kwa miguu nikifuata safari yake ya mwisho kwenye skrini. Sikuihitaji. Kutoka barabarani kulikuwa na njia iliyofyekwa, pana kwa mtu mmoja, vijiti vimesimamishwa kwenye kona. Juu ya kijito kulikuwa na gogo jipya, limechongwa upande wa juu ili mguu usiteleze. Jiwe lilikuwa limesuguliwa. Kopo lilikuwa mahali pake.

Katika daftari kulikuwa na mwandiko mmoja tu. Aliandika kwa herufi zake za ramani, zilizosimama wima.

"Nimefika. Kopo liko sawa. Mgeni bado."

"Mvua kubwa. Nimefyeka njia, mgeni asipate taabu na viatu."

"Leo nimeweka gogo. Yeye ni mpimaji, ataona kazi."

"Miguu imevimba, nimevua viatu nikaviweka juu ya jiwe. Hapa ni baridi nzuri. Mgeni bado."

"Nyumbani sisemi. Watanikataza kuja."

Na ukurasa uliofuata: "Bwana mgeni, kama umefika siku nisipokuwepo, karibu. Jiwe hili nililipanda mimi nikiwa na miaka ishirini na mbili. Angalia kama limeinama. Mimi naona halijainama."

Yalikuwepo mengine baada ya hayo, mafupi. La mwisho lilisema amechoka kidogo na atarudi Jumamosi.

Nilikaa na daftari lile nyumbani kwangu siku tisa. Ningeweza kulichoma na hakuna ambaye angejua; mgeni yule aliishi kinywani mwangu tu. Lakini siku ya kuondoa matanga, wageni walipokwisha kwenda na tukabaki wawili tukikusanya masufuria ya kuazima, mke wa kaka yangu alisema kitu.

"Semeki, nikuulize. Weye ulikuwa unamujua?"

"Nani?"

"Ule mwanamuke wa Bengamisa."

Sikuelewa. Alikaa juu ya sufuria lililogeuzwa, akafuta mikono kwenye kitenge cheusi.

"Kila juma anapakala viatu mafuta, anavaa ile chapeo yake ya kazi, anaenda. Anarudi magaribi, amechoka, iko na majani kwa suruali. Nikimuuliza, anasema natembea. Mutu wa miaka ile, anatembea mpaka Bengamisa? Ile kopo yenu nilizani mulishaiacha. Nikajua iko na deuxième bureau, mwanamuke wa inje. Nilimunyamazia, semeki. Mwezi yote ya mwisho sikumusemesha. Nilimuwekea chakula, nikamugeuzia mugongo. Hata siku ile alianguka, nilikuwa sijamuambia bonjour."

Nilimwambia. Nilimwambia tukiwa tumekaa hivyo, kopo na jiwe, mgeni ambaye hakuwepo, na kwamba nilimtunga mimi kwa mdomo wangu mbele ya sahani yake ya lituma. Nikatoa daftari kwenye mkoba wangu. Hakujua kusoma sana, akanirudishia. "Soma," alisema. Nikasoma yote, mpaka la mwisho. Nilipofika kwenye lile la "nyumbani sisemi" aliinua mkono, nikanyamaza, kisha akaushusha, nikaendelea.

Nilifunga daftari. Jirani alipita kuchukua sufuria lake, tukamsalimu.

"Donc alikuwa anangojea mutu," alisema jirani alipoondoka.

"Ndiyo."

"Na weye ulijua hakuna mutu."

"Nilijua."

"Na mi nilikuwa hapa."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alichukua daftari, akaliweka chini ya magodoro, akaniambia kuna giza linaingia, niende kwangu.

Hatukuonana kwa miezi mitatu. Niliifuta alama yetu kwenye ukurasa wa mchezo. Kuna kitufe chake, na mfumo unauliza sababu. Niliandika kwamba mwenyewe amefariki. Mtu mmoja nisiyemjua, kutoka nchi nisiyoijua, aliandika chini yake kwamba anasikitika, na kwamba siku zote alikuwa akiitazama ile nukta na kujiambia huenda siku moja atafika. Nilimjibu asante.

Siku moja wakati wa mapumziko mke wa kaka yangu alikuja shuleni, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta akiwa na kanga ya kufunikia kichwa. "Nipeleke," alisema.

Tulikwenda kwa pikipiki mpaka kwenye njia, kisha kwa miguu. Wachoma makaa walikuwa wamefika upande ule. Mengi ya yale tuliyopita chini ya kivuli sasa yalikuwa mashina na majivu, na ile njia aliyoifyeka ilikuwa imepanuliwa na wabeba magunia. Jua lilituchoma. Kifaa kilishika satelaiti mara moja, kwa kuwa hakukuwa tena na kitu juu yetu. Gogo la kijito lilikuwa bado, limepasuka katikati. Alivua kandambili zake, akavuka polepole, akikataa mkono wangu.

Jiwe lilikuwepo. Alizunguka akiliangalia pande zote, kisha akaliwekea kiganja, kama mtu anavyompima mtoto homa.

"Ni mbali," alisema.

"Ni mbali, semeki."

"Na miguu yake vile."

Alilia hapo, akiwa amesimama, bila sauti kubwa. Mimi nilisimama hatua chache nyuma, sikujua kama nina haki ya kusogea. Mwanamume mwenye gunia alipita, akavua kofia, akaendelea na safari yake.

Mwaka huu aliuza parcelle ya Mangobo, kiwanja na nyumba yake, akarudi kwa watu wake Yanonge. Nilimsindikiza bandarini. Baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, ilikuwa imejaa chumvi, sabuni, magodoro, na watu walikuwa wanagombana kuhusu nafasi. Alikuwa na mabegi mawili na jiko lake. Tulikuwa tumeshazoea kuongea tena, mambo ya kawaida, bei ya samaki, afya ya huyu na yule, lakini hakuwahi tena kunialika kula kwake, na mimi sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Injini ilipowashwa alishika mkono wangu. "Utakuja kutuona?"

"Nitakuja."

"Usiseme kama hautakuja," aliniambia. Hakusema kwa hasira. Alinitazama moja kwa moja, akingoja.

"Nitakuja, semeki," nilirudia.

Aliachia mkono, akapanda, akatafuta mahali pa kukaa kati ya magunia. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Sijaenda bado.